Nitarudisha Jumatatu

Hotuba kwa wahazini wa sharika, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa

Bwana Yesu asifiwe. Baba mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu wa vikundi, na ninyi vijana mlioshika daftari kwa mara ya kwanza mwaka huu, tunashukuru kwa kutupokea.

Mada tuliyopewa ni kuchagua haki na kuiacha dhambi. Ni mada pana. Mtu anaweza kuihubiri kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, watu wakaitikia amina, kisha wakarudi nyumbani bila kujua kesho yake wafanye nini. Kwa hiyo tumeibana. Leo tunazungumzia mkono unaoshika fedha ya wengine, na dhambi moja tu ya mkono huo, ya kujikopesha kimyakimya. Anayeingia katika dhambi hii mara nyingi si jambazi. Ni mtu wa sala, anayewahi ibada ya kwanza, aliyepewa ufunguo kwa sababu kila mtu alinyoosha mkono jina lake lilipotajwa.

Fungueni Yoshua 7, mstari wa 21. Akani, aliyechukua vitu vilivyokatazwa mji wa Yeriko ulipoanguka, amebanwa, hana pa kutokea, na maelezo anayotoa ni mafupi kuliko ya mashahidi wengi mahakamani. Anasema aliona katika nyara vazi zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu yenye uzani wa shekeli 50; akavitamani, akavitwaa, akavificha chini ya hema lake. Vitenzi vinne: kuona, kutamani, kutwaa, kuficha. Rudini bustanini mtawakuta walewale. Hawa aliona, akatamani, akatwaa, kisha yeye na mumewe wakajificha kati ya miti. Nendeni kwa Daudi juu ya dari la nyumba ya mfalme, 2 Samweli 11: akaona, akatuma mtu kuuliza, akatuma tena wa kumtwaa, na alipotaka kuficha akaandika barua, akampa Uria aibebe mwenyewe, kumbe ndani yake ni kifo chake.

Tazameni bei inavyopanda kati ya kitenzi na kitenzi. Akani alipokuwa bado anaona tu, kugeuza shingo kungemgharimu nini? Hakuna. Alipokwisha kuficha, watu wapatao 36 walikufa mbele ya mji wa Ai, na nyumba yake nzima ikaingia bondeni pamoja naye. Yakobo, katika waraka wake, anaieleza njia hiyo hiyo kwa lugha ya uzazi: tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Tukimwambia mtu achague haki, ni lazima tumwambie achague lini, kwa maana kuchagua kuna saa yake, na saa hiyo huja mapema kuliko tunavyofikiri.

Daudi anatufaa zaidi hapa, maana yeye aliwekewa mlango kabisa. Alipouliza yule mwanamke ni nani, alijibiwa kwa swali: huyu siye Bathsheba, binti Eliamu, mkewe Uria Mhiti? Mtumishi wa ikulu hamwambii mfalme acha. Alichoweza kufanya ni kutaja baba na mume. Na katika sura ya 23 ya kitabu hicho hicho, Eliamu na Uria wote wamo katika orodha ya mashujaa wa Daudi. Alitajiwa watu wake wa karibu, watu wa upanga wake. Paulo anaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea, nasi huwa tunaungoja mlango ufunguke kwa kishindo. Kumbe mara nyingi ni jina tu linalotajwa kwa upole: hii si ndiyo ile fedha ya mjane wa mtaa wa chini?

Sasa tuje kwenye meza yetu. Tuseme kuna kikundi cha watu 25, kinakutana Jumamosi alasiri. Hisa zimenunuliwa, marejesho yameingia, mikopo imetoka, na zimebaki shilingi 600,000. Jioni imeingia, wakala amefunga. Mhazini anasema, "Nitalala nazo, Jumatatu nitaziweka." Hakuna anayeshtuka, maana amefanya hivyo mara nyingi. Jumapili usiku mtoto anapandwa na homa. Nyumbani kuna shilingi 4,000. Kabatini, chini ya kanga, kuna 600,000. Mhazini anachukua 60,000 na kusema moyoni maneno yaliyokipa kikao chetu jina: nitarudisha Jumatatu.

Hapo hajasema "naiba", na hatalisema neno hilo hata siku ya mwisho. Jumatatu mshahara umechelewa. Anapeleka 540,000. Jumamosi inayofuata mwanachama anaomba mkopo, na ile 60,000 inatakiwa mezani. Mhazini anaitoa kwenye hisa za leo, ambazo bado hazijaandikwa daftarini. Tundu la wiki iliyopita limezibwa kwa fedha ya wiki hii, na wiki hii ndiyo sasa ina tundu. Kuanzia hapo hawezi kukosa kikao hata kimoja. Hawezi kuugua, hawezi kusafiri kwenda msibani, hawezi kumwachia mtu daftari, kwa sababu mwingine akihesabu siku moja tu, mambo yatajulikana. Watu wanamsifu: mhazini wetu hakosi! Wiki ya nne anaongeza 40,000, kwa kuwa ameshazoea kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya mgawo, mwisho wa mzunguko, kila mtu anataka hisa zake kwa saa moja. Hapo hakuna fedha ya wiki ijayo ya kuzibia, na pengo limekuwa 310,000.

Mwaka 1953 msomi wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti wake juu ya watu waliofungwa kwa kula fedha walizokabidhiwa kwa uaminifu. Alikwenda kuzungumza nao magerezani. Alichokiona ni kwamba kila mmoja alikuwa na tatizo la fedha ambalo hakuweza kumwambia mtu. Aliona nafasi ya kulimaliza kwa siri kupitia kazi aliyoaminiwa, na alikuwa na maneno ya kujituliza, hasa haya: ninakopa tu. Wazee wetu walilijua jambo hili bila utafiti waliposema mficha uchi hazai. Tukiiita dhambi hii tamaa ya mali na kuishia hapo, tutakuwa tumeihubiri vibaya, kwa maana mara nyingi mbegu yake ni aibu. Mhazini anaona haya kusema, "Mimi, mhazini, sina hela ya dawa." Na sisi tunamsaidia kuona haya, kwa kumtazama kana kwamba mwenye ufunguo hapaswi kuishiwa.

Ndiyo maana shauri letu la kwanza kwa mhazini halihusu sanduku. Chagua leo, kabla ya homa ya mtoto, mtu mmoja utakayempigia simu saa nne usiku. Mwambie leo hii: siku nikikwama nitakupigia wewe, nawe ukiwa huna, tutatafuta wote. Asiwe mtu anayekutegemea kikazi, wala mtu unayemwogopa. Kisha jisemee kwa sauti sentensi kamili, isiyo na "ikiwezekana": fedha hii siigusi hata kwa saa moja, hata nikiwa na uhakika wa kurudisha. Danieli aliazimu moyoni mwake kabla chakula cha mfalme hakijafika mezani. Alikuwa na neno la kumwambia msimamizi, na hata hesabu alikuwa nayo: utujaribu siku 10, kwa mtama na maji. Bwana wetu nyikani alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati. Baada ya siku 40 za njaa hakuanza kutafuta mistari. Alitoa kilichokuwa tayari moyoni. Usiku wa homa haukupi nafasi ya kutunga msimamo. Utatumia ule uliokuwa nao tangu mchana.

Na mhazini ni mwanachama. Ana haki ya kuomba mkopo kama wengine, mbele ya kikao, wenzake wakijadili huku yeye ametoka nje. Ile ni aibu ya dakika kumi. Vikundi vinavyomkataza mhazini kukopa, eti kwa usalama, vinamsukuma kwenye kabati. Tumeliona katazo hilo katika kanuni za baadhi ya vikundi na tunashauri lifutwe.

Twende kwa Yusufu, ambaye wengi tunakumbuka alivyokimbia na kuacha vazi lake. Kukimbia kulikuwa siku ya mwisho. Kabla ya hapo, Mwanzo 39:10 inasema yule mwanamke, mke wa bwana wake Potifa, alimsihi siku baada ya siku, naye hakumsikiliza alale naye, wala awe pamoja naye. Hayo maneno ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Yusufu alikataa kitanda, na akakataa pia chumba.

Kwa mhazini, chumba hicho ni kuwa peke yake na fedha ambayo hakuna mwingine anayejua idadi yake. Yehoyada kuhani alilijua hili. Katika 2 Wafalme 12 alitwaa kasha, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ikiwa nyingi, walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu na kuifunga mifukoni. Mmoja wa ikulu, mmoja wa hekalu. Hawali sahani moja. Nasi tufanye hivyo: sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja. Mume na mke, hata wawe watakatifu namna gani, hapo ni mtu mmoja. Ihesabiwe kabla mtu hajatoka na fedha nje ya jengo, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa wino, na waliohesabu watie sahihi pale pale. Karatasi ya "nitaandika vizuri nyumbani" ndiko tarakimu zinakobadilika.

Kuna mianya miwili ambayo sharika nyingi hazijaiziba. Wa kwanza ni mnada baada ya ibada. Kuku wa sadaka ameuzwa 18,000, trei ya mayai imepanda hadi 15,000 kwa utani wa dalali, mkungu wa ndizi umekwenda, watu wanacheka, noti zinapita mkono kwa mkono, na nyingine zinaingia mfuko wa shati kwa muda kwa sababu upepo unapeperusha. Bahasha zina namba, kapu la sadaka lina mashahidi, mnada hauna kitu. Awepo mtu amekaa na daftari, aandike kila kitu kinapouzwa, bei na aliyenunua, pamoja na wale waliosema watalipa wiki ijayo. Dalali asishike fedha kabisa.

Mwanya wa pili ni simu. Sadaka na michango inatumwa kwa namba binafsi ya mhazini, inachanganyika na ya kwake, na anapotazama salio anaona tarakimu moja. Ubongo haujui kutenga 85,000 ya kanisa ndani ya salio la 132,000. Akinunua umeme, amenunua kwa ya nani? Hata yeye hajui, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana dhambi imeingia bila kubisha hodi. Pawe na laini iliyosajiliwa kwa jina la usharika au la kikundi, na orodha ya miamala isomwe kikaoni pamoja na ujumbe wa salio. Kwa kikundi chenye sanduku, zile kufuli tatu ziwe na maana: funguo kwa watu watatu, na anayelala na sanduku asiwe na hata mmoja.

Huwa tunaambiwa kwamba haya yote ni kukosa imani, kwamba mtu aliyeokoka analindwa na Roho Mtakatifu, si na kufuli. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa sababu inasemwa na watu wa sala. Lakini tuwaulize: Paulo alikuwa na upungufu wa Roho? Alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, 2 Wakorintho 8, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu: asiwepo mtu wa kuwalaumu katika karama hiyo, wakiangalia yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Na neema, kwa mujibu wa Tito 2, ni mwalimu. Inafundisha kukataa ubaya. Mwanafunzi wa neema anayeomba mwenzake ahesabu pamoja naye amekwisha kuelewa somo. Miongoni mwa wale Thenashara, Yohana anatuambia, Yuda, aliyeshika mfuko, alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo. Alikuwa akiyasikia mafundisho ya Bwana kwa masikio yake.

Sasa tuseme na yule aliyemo humu ndani ambaye pengo lake tayari lipo. Hatutauliza nani.

Kwanza, acha kuziba. Usichukue hata mia ya wiki hii kulipia ya wiki iliyopita. Kisha kaa na daftari, andika tarakimu ya kweli, tarehe kwa tarehe. Watu hukosea hapa kwa kukadiria, na makadirio huwa madogo kuliko deni kila mara. Halafu mwendee mwenyekiti au mchungaji kabla ya mkaguzi kufika, ukiwa na karatasi hiyo, na ukabidhi ufunguo na daftari siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuombwa. Usisubiri kwanza upate fedha. Ukisubiri, utaingia tena kabatini ukitafuta njia ya kuipata.

Torati ina kipimo. Mambo ya Walawi 6 inasema aliyedhulumu alichowekewa amana arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa pengo letu la 310,000, sehemu ya tano ni 62,000, jumla 372,000. Zakayo alikwenda mbali zaidi, mara nne, kipimo ambacho Kutoka 22 inakitaja kwa mwizi wa kondoo. Alijihukumu kama mwizi wakati serikali ilikuwa inamwita mtoza ushuru. Hatumlazimishi mtu mara nne, ila ile sehemu ya tano tunaitetea. Fedha ya kikundi ingezaa riba mikononi mwa wanachama, na walikosa mikopo wakati ikiwa kwako. Kurudisha shilingi kwa shilingi ni kuwaachia wao hasara ya muda. Tena angalieni mpangilio: katika Walawi, kurudisha kunatangulia sadaka ya hatia. Mtu alie mkesha mzima madhabahuni, kama daftari bado linadanganya, kazi haijaanza.

Wengine huchagua kurudisha kwa siri. Wanaingiza 310,000 sandukuni usiku mmoja na kushukuru Mungu kwamba limekwisha. Tunawaelewa, lakini tazameni kinachofuata. Kama daftari lilikuwa limepunguzwa, sasa fedha inazidi, na mkaguzi anaanza kumshuku katibu. Mtu asiye na kosa anabeba mzigo. Na mwenye kosa amejifunza kwamba inawezekana kuchukua na kurudisha bila kuonekana, somo baya kuliko yote.

Upande wa pili wako wanaosema kupita kiasi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda hadi Tanganyika na Kenya, uliwafundisha watu wetu kutembea nuruni, kuungama mbele ya ndugu na kurudisha walichoiba. Ni urithi mzuri. Ila tuutumie kwa kipimo: waliodhulumiwa ndio wanaopaswa kujua. Pengo la kikundi lisemwe kikundini. Ugonjwa wa mkeo au siri ya mwanao iliyokusukuma kuchukua si mali ya mkutano. Na viongozi msimwahidi mtu kwamba haitafika popote. Kula fedha ya amana ni kosa pia mbele ya sheria ya nchi, na wanachama wana haki yao.

Kwa ninyi mtakaompokea: Yuda naye alirudisha. Vipande 30 vya fedha alivyolipwa kumsaliti Bwana, vyote. Alisema wazi, "Nalikosa." Waliompokea walimjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe, naye akatoka akajinyonga. Wagalatia 6:1 inawataka walio wa Roho wamrejeze mtu kwa upole, wakijiangalia nafsi zao. Mpangieni malipo anayoyaweza, tuseme 31,000 kwa miezi 12, inatimia 372,000 kamili. Mpeni risiti kila mwezi, kaeni naye mezani. Ufunguo msimrudishie. Hapa tunatofautiana na baadhi ya wachungaji wanaosema msamaha wa kweli hurudisha na cheo. Kwa maoni yetu, kumweka tena mtu huyo peke yake na sanduku ni kumrudisha chumbani alikotoka. Aimbe kwaya, afundishe watoto, aongoze maombi. Kuna kazi nyingi katika shamba la Bwana zisizo na kufuli.

Na kama aliyedhulumiwa amekwisha kufariki? Hesabu 5 imeliona swali hilo. Deni na nyongeza yake humwendea ndugu wa karibu, na asipokuwepo ndugu, huwa mali ya Bwana kwa kuhani. Kwa hiyo mtafuteni mrithi kwanza. Msikimbilie kuliweka kwenye kapu la sadaka kwa sababu ni karibu.

Baada ya chai tutakaa wawili wawili, kila mhazini na mhazini wa kikundi kingine. Fungueni ukurasa wa mwezi uliopita, mwenzako asome tarakimu kwa sauti, wewe uhesabu. Laini za simu nazo zitolewe, tusome salio. Atakayeona hesabu yake haikubali, mchungaji yuko chumba cha sakristia, na mlango wake wa nyuma unatokea uani.